Baridi ya Nyuzi Nne

Watu walikuwa wakinitazama macho. Tangu mke wangu Yunia afariki, kila aliyefika kwetu alinishika mkono, akasema pole, kisha akainua uso kuangalia kama nimelia. Sikuwa nimelia. Wala sikuwa najikaza kiume, nisije nikasifiwa bure. Hakukuwa na kitu cha kuzuia. Nilikaa kwenye kiti cha mbao nje ya nyumba yetu ya kambi ya wafanyakazi wa majani chai, chini ya turubai tuliloazima kanisani, mvua ikipiga juu yake, na ndani yangu kulikuwa kimya kama redio iliyoishiwa na betri.

Ulikuwa mwaka ule wa El Niño, tisini na saba, karibu na mwisho wake. Kericho tumezoea mvua, majani chai hayaoti kwa jua peke yake, lakini mvua ile ilikuwa ya kisirani. Ilileta mbu hadi huku milimani ambako watu walikuwa wakilala bila neti na kujisifu. Yunia alianza kutetemeka kanisani, Jumapili, akacheka akasema ni baridi. Tulikuwa bado tunabishana kama ni malaria ama ni homa ya matumbo alipofariki. Alikuwa mlezi wa kreshi ya shamba, pale akina mama wanapoacha watoto wakienda kuchuma. Watoto wote wa kambi tatu walimwita Mama Kreshi. Wa kwetu wenyewe hatukujaliwa.

Kwetu ni Karachuonyo, chini huko karibu na ziwa, na mke wa Mjaluo anazikwa bomani kwa mumewe, si penginepo. Lakini barabara ya kupitia Sondu ilikuwa imekatika, na kaburi walilochimba ndugu huko lilijaa maji. Wakachimba lingine juu kidogo, nalo likajaa. Basi Yunia akawekwa mochari ya hospitali ya shamba, tungoje mvua ichoke.

Ndipo akaja Momanyi. Momanyi alikuwa mkubwa wetu wa karakana ya shamba, nilikokuwa fundi wa baridi, Mkisii mnene mwenye sauti ya kanisani, na siku hiyo alisimama pembeni ya turubai akizungusha kofia mkononi.

"Oyoo," akasema, "hii kitu mimi sitaki kukuuliza. Lakini nitauliza nani?"

"Uliza."

"Ile baridi ya mochari imeshikwa na wazimu. Inapanda, inashuka, inapanda. Fundi wa Nairobi hawezi fika. Na wewe ndio ulifunga ile kontrola."

Kaka yangu Ogola, aliyekuwa amekuja kutoka Kisumu kusimamia matanga, aliruka kama aliyekanyaga moto. "Momanyi, wewe ni mtu wa aina gani? Unaitisha mtu kazi na bibi yake hajazikwa?"

"Si bibi yake ndio yuko huko ndani," Momanyi akajibu polepole.

Niliinuka nikaingia ndani kuchukua bisibisi yangu. Watu walidhani ni ushujaa. Ukweli ni kwamba nilishukuru kuondoka pale.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, cha kuta nene za mawe, nyuma ya hospitali, mlango mmoja mzito wenye mpira pembeni kama wa friji. Zamani kilipozwa na swichi tu: joto likifika hapa inawasha, likifika pale inazima, basi. Mwaka uliotangulia hospitali ililetewa mtambo mpya, mmoja, wa kupoza stoo ya chanjo na mochari kwa pamoja. Maji ya chumvi yaliyopozwa yanazungushwa kwenye mabomba, na valvu inaamua kiasi gani cha maji hayo kiingie chumbani. Valvu inaamriwa na kontrola, kisanduku cha kijivu kilichofungwa ukutani nje, kwenye veranda. Pembeni yake kuna karatasi ya mviringo inayozunguka taratibu, na kalamu nyekundu inayochora joto la chumba juu yake. Mambo yakiwa mazuri, kalamu inachora duara safi kwenye nyuzi nne. Siku hiyo nilikuta imechora milima. Juu hadi nyuzi kumi, chini hadi kupita sufuri, juu tena.

Kontrola ile ina vishikizo viwili vya kuzungusha, na kazi yote ya kuitengeneza ni kuvipatanisha. Cha kwanza ni ukali. Kinaamua mtambo ushtuke kiasi gani ukiona joto limepanda. Ukikizidisha, mtambo unakuwa kama mlevi kwenye baiskeli: anaona anakwenda kulia, anakata kushoto kwa nguvu, anatumbukia mtaroni upande wa pili. Cha pili kina jina refu kitabuni, lakini mimi na Momanyi tulikiita kinyongo. Kinajumlisha makosa yaliyopita. Joto likikaa juu kwa muda mrefu, kinaweka moyoni, kinaongeza baridi, na hata chumba kikisharudi sawa chenyewe bado kinakumbuka, bado kinaongeza, mpaka kipitilize upande wa pili. Bila kinyongo hata kidogo chumba hakifiki nyuzi nne sawasawa. Kikizidi, kinagandisha kila kitu.

Basi unaondoa kinyongo chote kwanza, unapandisha ukali kidogo kidogo mpaka kalamu ianze kuyumba, halafu unarudisha ukali nusu. Kisha unatia kinyongo kwa kijiko, kama chumvi. Baada ya kila kuzungusha, unangoja. Watu wengi hawawezi kazi hii kwa sababu ya huko kungoja. Wanazungusha, hawaoni kitu, wanazungusha tena, na chumba cha mawe hakina haraka na mtu. Mimi nilingoja vizuri sana wiki hiyo. Nilikuwa naweza kukaa mbele ya kalamu ile tangu chai ya saa nne hadi saa ya kula, sifikirii chochote.

Mhudumu wa mochari alikuwa Johana, mzee wa kanisa, Mkipsigis kutoka upande wa Sosiot, mrefu, mpole, koti lake la mvua limefungwa hadi shingoni. B yake mara nyingi ilitoka p, na g ikatoka k. Yunia alikuwa akimwiga nyumbani, nasi tunacheka hadi tunashika mbavu.

"Pole sana, pwana Oyoo," aliniambia asubuhi hiyo ya kwanza, akinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Nikufungulie umuone kwanza?"

"Hapana," nikasema. "Kazi yangu iko hapa nje."

Na ni kweli ilikuwa hapo nje. Kila kitu nilichohitaji kilikuwa kwenye veranda ile. Sikuwa nimemwona Yunia tangu wauguzi walipomfunika, na sikuwa na hamu ya kumwona. Nasema hivi jinsi ilivyokuwa. Nilijua yumo, kama unavyojua stoo ina magunia.

Kufika saa ya chakula cha mchana kalamu ilikuwa imetulia kwenye nne. Nikafunga kisanduku, nikarudi kwenye matanga, nikatazamwa macho. Kesho yake asubuhi nikakuta milima ile ile. Nikapunguza ukali. Ikatulia. Nikaenda zangu. Asubuhi iliyofuata, milima. Nikakisia valvu inakwama, nikaifungua, nikaisafisha, haikuwa na kosa. Nikaandika namba mpya kwa penseli ukutani, nikafuta za jana. Nilikuwa kama mtu anayepanga nguo sandukuni na mwingine nyuma yake anazitoa.

Siku hiyo Ogola alikuja kunitafuta huko huko mochari. Alikuwa ametoka ofisi ya shamba, ambako simu ilikuwa imefika.

"Mama yake Yunia ameanza safari," akasema. "Wameona Sondu haipitiki, wanazunguka na Kisii. Wakishindwa daraja la huko watatokea Ndanai. Anasema tusifunge sanduku mpaka afike."

"Sawa."

"Oyoo, umesikia? Amesema hivi: mimi nilishazika sanduku. Safari hii nataka kuzika mtu."

Nilisikia. Mama mkwe wangu alikuwa na watoto wawili tu. Wa kwanza, kaka yake Yunia, aliletwa kutoka Nairobi baada ya ajali ya barabarani, sanduku limepigwa misumari, na wakubwa wakaamua lisifunguliwe. Waliona wanamhurumia mama. Tangu hapo, miaka yote, mwanamume yeyote mrefu akipita njia ya kwao, mama yule anaweka jembe chini na kumtazama mpaka apotee. Yunia alinieleza hayo mwaka tuliooana. Alisema mama yake hajawahi kuamini, kwa sababu hakuonyeshwa.

Kwa hivyo sasa kazi yangu ilikuwa na maana moja iliyo wazi. Dawa ya kuhifadhi maiti ilikuwa imekwisha hospitalini, lori la kuileta lilikuwa limekwama njiani. Baridi ndiyo peke yake iliyobaki. Uso wa mtu ukikaa kwenye nyuzi nne unabaki uso wake kwa siku nyingi. Ukigandishwa, ukayeyushwa, ukagandishwa tena, haubaki. Nilikuwa najua vizuri unakuwaje, na sitaeleza. Nikafikiri: akikuta uso si wa mwanawe, atakuwa amezika masanduku mawili. Nilifikiri hivyo bila uchungu, kama mtu anayepima bomba. Lakini nilitaka uso ule ubaki. Kati ya mambo yote duniani wiki ile ndilo peke yake nililotaka.

Sikuondoka mchana huo. Nilikaa kwenye kreti ya soda mbele ya kisanduku, kalamu imetulia kwenye nne tangu asubuhi, duara safi, na mimi nangoja nione huo wazimu unaingia saa ngapi.

Uliingia jioni na gambuti, viatu vya mpira vya mvua. Akina mama walikuwa wametoka kupima majani, bado wamejifunga aproni zao za plastiki, maji yanawachuruzika. Walikuja wengi, Wakipsigis na Wajaluo na Wakisii, wale ambao watoto wao walilelewa na Yunia. Mbele alikuwa Caren, mchumaji wa kambi ya juu, mwanamke wa maneno machache. Walinisalimu kwa sauti ya chini. Johana akafungua ule mlango mzito, akauvuta hadi mwisho, kisha akachukua debe lililojaa maji na kuliweka chini yake, usijifunge.

"Inkieni tu," akawaambia. "Chukueni muda yenu. Msiwe na haraka."

Wakaingia kadiri walivyoenea, wengine wakasimama mlangoni. Wakaimba. Mmoja akaomba, na aliomba kwa kirefu, akawataja watoto mmoja mmoja kwa majina. Mimi sikuwatazama. Nilitazama kalamu. Ilikuwa inapanda. Tano, sita, nane. Kile kinyongo ndani ya kisanduku kilikuwa kinajumlisha, kinajumlisha, valvu imefunguka hadi mwisho, maji ya chumvi yanamiminika kwenye mabomba kupoza mvua na pumzi na nyimbo. Walipomaliza, Johana akaondoa debe, akafunga. Joto likaanza kushuka. Likafika nne, halikusimama. Tatu, mbili, moja. Mlango ulikuwa umefungwa zamani lakini kontrola ilikuwa bado inapigana na mlango uliokuwa wazi. Kalamu ikapita sufuri mbele ya macho yangu.

Nilifunga valvu kwa mkono. Kisha nikamgeukia Johana, na hasira iliyonipanda ilinishangaza mwenyewe, kwa sababu kwa siku nyingi sikuwa nimehisi hata njaa.

"Hii mlango unaifungua hivi kila jioni?"

"Kila jioni. Watu ni wengi. Mama Kreshi alikuwa mtu ya watu."

"Na hilo debe?"

Akanitazama kama mimi ndiye nisiye na adabu. "Sasa Oyoo, nifungie watu wazima ndani na maiti? Kwetu hiyo ni kitu mpaya sana. Hata kuangalia maiti tu sisi tulikuwa hatuangalii, zamani. Mtu akiingia, lazima aone inje. Lazima ajue atatoka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Si ni heshima? Wewe unaenda saa ya lunch, wao wanakuja jioni. Mimi nilidhani utafurahi bibi yako hakai peke yake."

Mzee yule alikuwa anaogopa maiti, na bado kila jioni alikuwa anasimama mlangoni pale, kando ya debe lake, ili wengine wasiogope. Ila heshima yake ilikuwa inamgandisha Yunia.

"Kuanzia leo," nikasema, "hakuna mtu anaingia. Mpaka mama yake afike. Hata mchungaji."

Maneno yale yalitembea kambini haraka kuliko mvua. Kesho yake jioni akina mama walikuja kama kawaida, wakakuta nimesimama mbele ya mlango. Nilijaribu kueleza. Nilieleza mambo ya valvu, ya joto la watu, ya uso na ya mama anayekuja. Nilieleza vibaya, kwa sauti ya mtu anayesoma maagizo ya kupaka rangi.

Caren alinisikiza hadi mwisho. "Mama Kreshi alikaa na Chepkorir wangu kutoka akiwa wiki sita," akasema. "Mimi nikiwa nachuma, yeye ndio alimuona akisimama mara ya kwanza. Alikuja akaniambia nikiwa kwa majani, akakimbia na mvua aniambie. Sasa wewe unaniambia nisimwombee kwa sababu ya mashine?"

"Ombeeni hapa nje."

"Hapa nje tunaombea ukuta."

Lakini walibaki. Walisimama chini ya ukingo wa paa, migongo yao inanyeshewa, wakaimba wakiutazama mlango uliofungwa. Walipoondoka hakuna aliyenishika mkono.

Ogola hakuwa mpole hivyo. "Unajua watu wanasema nini?" aliniuliza. Tulikuwa tunatembea kati ya majani kurudi kambini, yeye mbele, mimi nyuma. "Wanasema una jiwe hapa kifuani. Hujalia hata siku moja, na sasa umewafungia wanaotaka kulia. Ningekuwa sikujui, hata mimi ningesema hivyo."

"Nataka mama yake amwone."

"Na wewe? Wewe umemwona?"

Nikasema mtambo unahitaji mtu wa kuutazama. Ogola akatema mate kwenye majani, akaendelea kutembea.

Nilipunguza kinyongo karibu kiishe, nikarekebisha ukali kwa ajili ya chumba kilichofungwa, nikangoja. Kalamu ikakaa. Siku ile yote ikakaa, na iliyofuata, duara juu ya duara, mstari mwembamba usio na hata kona. Nilikuwa nabadilisha karatasi na kuipanga ile ya jana pembeni na zote zilifanana. Naona aibu kidogo kusema kwamba ilinipendeza. Mtu angenipita pale angeniona nimetulia, mikono magotini, kama mgonjwa aliyepata nafuu.

Mama akafika siku mvua ilipopumua kidogo. Walikuwa wamekwama Ndanai, wakalala kanisani, trekta la mkulima mmoja likawavusha mahali palipoharibika zaidi. Alikuja moja kwa moja mochari bila kupitia nyumbani, Ogola akimwongoza, gambuti za kuazima zimemzidi miguu, kitambaa cheupe kichwani kimeingia matope. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka.

Niliposikia sauti yake nilitoka njiani nikasimama kando, macho chini. Kwetu mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawali sahani moja, hawaketi karibu. Kuingia pamoja kwenye chumba kidogo kama kile, hilo halizungumzwi hata. Nikamsalimu kutoka mbali. Akaitikia kutoka mbali. Tulisema Kiluo, na maneno yake nayaandika hapa kwa Kiswahili.

"Ogola," akasema, maana hakuweza kuniuliza mimi moja kwa moja, "mwulize huyo ora kama mwanangu ni mzima wa uso."

Ora ni mkwe. Ogola akanigeukia. Nikatambua kwamba sijui. Karatasi zilikuwa zinasema ndiyo, namba zilikuwa zinasema ndiyo, na kuhusu uso wenyewe sikuwa na habari.

"Mwambie baridi imekaa sawa," nikasema.

Johana alifungua mlango na kuinama kulitafuta debe lake. Mama akamshika mkono. "Hapana, baba. Funga. Nikae naye."

Johana hakuelewa Kiluo, lakini alielewa mkono. Akanitazama, macho yake yananiomba nisimfanyishe jambo hilo. Nikausukuma mlango mwenyewe mpaka mpira ukabana. Kisha nikarudi kwenye kreti yangu, na sikuwa na wasiwasi wowote. Desturi ilikuwa imenipa sababu nzuri kabisa ya kubaki nje.

Mlango ulipofunguliwa kalamu iliruka kidogo, kisha ikarudi nne, kama nilivyoipangia. Nikaridhika. Halafu, baada ya kitambo, ikaanza kupanda.

Haikupanda sana. Unene wa ukucha. Lakini mlango ulikuwa umefungwa. Nikapitisha kiganja kwenye mpira, hakuna baridi inayotoka. Nikasikiliza pampu, iko sawa. Nikatazama valvu, imejifungua kidogo, inafanya kazi yake. Nikaanza kutafuta kosa kama nilivyofundishwa, jambo moja baada ya jingine, na nilikuwa nimeshika bisibisi tayari nilipoelewa kwamba hakuna kosa. Ni mama. Mtu aliye hai anatoa joto. Hata akiwa mzee, hata akiwa amelowa na kunyamaza kimya, anapasha chumba. Ndilo jambo la kwanza analofundishwa fundi wa baridi, uhesabu watu watakaokuwa ndani. Kalamu ilikuwa imemsikia mama.

Nikatazama zile karatasi nilizozipanga pembeni, duara baada ya duara, nyuzi nne, nyuzi nne. Yunia alikuwa mle ndani muda huo wote na kalamu haikumsikia hata mara moja. Na Yunia alikuwa mtu wa moto. Baridi ya Kericho ilikuwa haimpati kitandani. Nilikuwa nikitoka zamu miguu imekufa ganzi, naibandika kwenye mapaja yake, anapiga kelele, ananitukana, na haniondoi. Usiku mwingine nilikuwa nasogea ukutani kumkimbia joto lake. Nililalamika. Nilimwambia siku moja kwamba kulala naye ni kama kulala na boila.

Nikaiweka bisibisi chini.

"Ora." Sauti ya mama ilipita kwenye mlango, hafifu. Aliniita mimi, si Ogola. "Uso ni wake. Ni Yunia."

Ogola alishusha pumzi nyuma yangu. Johana akauliza amesema nini, na Ogola akamwambia.

"Njoo," mama akasema.

"Mama, siwezi kuingia hapo ulipo."

"Najua huwezi. Njoo."

Nilivuta mlango. Mama alikuwa amekaa kwenye sakafu ya saruji, mgongo ukutani, amevua gambuti, mkono mmoja umeushika mguu wa Yunia juu ya shuka. Hakujifunika uso nilipoingia, wala hakusogea. Nilipita mbele yake, karibu kabisa, gauni lake likagusa suruali yangu, nikasimama kichwani pa meza aliyolazwa Yunia.

Alikuwa yeye. Kovu la nyusi lipo, mdomo umejifunga upande mmoja kama anayezuia kucheka. Hakuna kilichoharibika. Nikamshika shavu. Lilikuwa baridi, na baridi ile niliijua barabara, haikuzidi wala haikupungua. Ilikuwa nyuzi nne. Nilikuwa nimeiweka mwenyewe, kwa mikono yangu, na nilikuwa nimekaa siku zote hizo nikiilinda isipate joto.

Nililia hapo, kwa sauti, mbele ya mama mkwe wangu, jambo ambalo mkwe hafanyi. Mama aliniacha. Baadaye akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "Acha mlango wazi sasa, watu waingie," na nikasikia nje Johana analiburuta debe lake.